Tuanze na mkono ule mzima

Wengi wetu tulioumia mkono wakati wa kuzaliwa tumeshaambiwa neno moja tulipofika utu uzima: umechelewa. Daktari anaushika mkono, anauinua mpaka unapogoma, anauliza "tangu lini?" Ukimjibu "tangu nizaliwe", anafunga faili.

Kwa upande wa neva, daktari huyo hajakosea. Mishipa ya fahamu inayoendesha mkono hutoka shingoni kwa mizizi mitano na kupita chini ya mtulinga kwenda kwapani. Kichwa cha mtoto kikishatoka, bega likanasa kwenye nyonga ya mama, shingo huvutika na mizizi ile, hasa ya juu, hunyooka kupita kiasi au hukatika kabisa. Watoto wengi hupona bila kisu. Wasiopona hufanyiwa upasuaji wa neva wakiwa bado wachanga, mara nyingi kati ya miezi 3 na 9, kwa sababu neva hukua taratibu mno, kama milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa bila neva mwaka mmoja na nusu hadi miwili huwa hauipokei tena.

Kwa hiyo zile video za WhatsApp za kijana wa bodaboda aliyeunganishwa neva akaanza kukunja kiwiko, naomba msinitumie tena. Ajali ya pikipiki inaweza kung'oa mizizi hiyohiyo, ila yeye akiwahi ndani ya miezi 6 hivi, misuli yake bado inasubiri. Yangu ilishaacha kusubiri kabla sijaota meno yote.

Lakini mkono si neva peke yake. Kuna misuli, kano, mifupa na viungo, na kuna mwili mzima ambao miaka yote hiyo umekuwa ukibeba mzigo kwa niaba ya upande mmoja. Maoni yangu, na najua si kila daktari wa upasuaji atayapenda, ni kwamba mtu mzima aanzie kwenye mkono mzima, ule ambao haukuumia. Huo ndio unaokaribia kuharibika, na bado unaweza kuokolewa.

Angalia kazi zake za siku moja. Ndoo ya maji ni yeye, bomba la daladala ni yeye, mtoto mgongoni ni yeye kumweka na yeye kumshusha. Ukifika miaka ya thelathini au arobaini unaanza kuamka saa nane usiku, kidole gumba mpaka cha kati vimekufa ganzi, unaukung'uta mkono pembeni ya kitanda mpaka damu irudi, au ndivyo unavyodhani. Si damu. Ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, na inatibika: kifaa cha kukinyoosha kifundo usiku, kubadilisha namna ya kufanya kazi, na ikishindikana upasuaji mdogo wa kuilegezea nafasi. Maumivu ya shingo na mgongo nayo yanatoka hukohuko, maana kila unapotaka kuinua mkono dhaifu unaupinda mgongo uusaidie.

Mtaalamu wa kumtafuta hapa ni wa fiziotherapia, na zaidi yake yule wa tiba ya kazi, ambaye watu wengi hata hawajui kama yupo. Wapo, Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanafundishwa wa aina zote mbili. Wa tiba ya kazi hakuulizi bega linafika nyuzi ngapi. Anakuuliza unasongaje ugali. Mimi sufuria ilikuwa inazunguka na mwiko, nikawa naibana kwa goti, jambo la hatari kwa mtu mwenye akili timamu. Suluhisho lilikuwa pete ya chuma yenye masikio mawili, kazi ya fundi wa kuchomelea mtaani, inakaa juu ya jiko na kuishika sufuria isizunguke. Kwenye gari kuna kirungu cha kufunga kwenye usukani, na gia ziwe za otomatiki. Mwigizaji Martin Sheen wa Marekani, ambaye mkono wake wa kushoto uliumia akizaliwa, huvaa koti kwa kulirusha juu ya kichwa. Watazamaji walidhani ni mbwembwe.

Sasa upasuaji. Upo, hata kwa mtu mzima, ila lazima ujue unanunua nini. Tatizo la kawaida ni bega lililojikunjia ndani: misuli ya kuzungusha mkono kwenda nje ilidhoofika, ya kuuvuta ndani ikashinda, na kikombe cha bega kikakua kikiwa bapa. Kama kiungo bado kina afya, daktari anaweza kuhamisha kano za msuli wa mgongoni ziende kufanya kazi ya kuzungusha nje. Misuli hupimwa kwa daraja, 0 hadi 5, na msuli uliohamishwa kwa kawaida hupoteza daraja moja, ndiyo sababu hawahamishi msuli ambao nao ni dhaifu. Kama kiungo kimeshaharibika umbo, wanaukata mfupa wa juu wa mkono, wanauzungusha kidogo na kuufunga kwa chuma. Nguvu haiongezeki hapo. Mkono unageuziwa uelekeo tu.

Na uelekeo una gharama, ambayo wengi hawaambiwi. Kila nyuzi unayopata kwenda nje unaweza kuilipa kwa kwenda ndani. Mkono unafika kisogoni, unafunga mtandio au unachana nywele, halafu unagundua haufiki tena kwenye zipu ya suruali. Kama ndio mkono unaoutumia msalani, hilo si jambo dogo. Muulize daktari kabla, kwa maneno hayohayo bila haya.

Huku kwetu kuna hesabu nyingine ambayo vitabu vya wenzetu haviiandiki. Jeraha hili hupata mkono wa kulia mara nyingi zaidi, na mkono wa kulia ndio wa kusalimia, kupokea na kula. Aliyeumia kulia ameishi akionekana hana adabu kila penye sinia la pilau. Kwa mtu huyo, kufikisha kiganja mdomoni kunaweza kuwa na thamani kuliko kuinua mkono juu ya kichwa. Simwoni kama mtu wa urembo akitaka upasuaji kwa sababu hiyo.

Baada ya kisu kuna wiki kadhaa za kufungwa kifaa na miezi ya mazoezi. Asiye na mtu wa kumsaidia nyumbani wala nauli ya kliniki bora asubiri apange kwanza. Sindano ya Botox, ileile ya wanaokimbia makunyanzi, hutumika pale misuli miwili inapovutana kwa wakati mmoja. Huisha nguvu baada ya miezi michache. Bega lililolika likauma kila siku lina njia zake nzito zaidi, kuligandisha mifupa yake lisisogee tena au kuliweka la bandia, na hizo ni za mwisho.

Ya kuchua kwa mafuta sina ugomvi nayo, yanapoza. Ugomvi wangu ni na wanaouza "seli shina" na mashine za umeme za kufufua neva. Kaisari Wilhelm wa Pili, yule wa kwenye rupia za Mjerumani zilizotumika Tanganyika, alizaliwa Berlin Januari 1859 na mkono wa kushoto wa aina yetu. Walimtia umeme, wakamfunga mkono mzima ili mbovu ulazimike kufanya kazi, wakauzungushia mwili wa sungura aliyechinjwa muda huohuo. Ikulu nzima ililipa, na mkono ukabaki mfupi.

Ukiamua kwenda, iwe MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, hospitali ya CCBRT au kwingineko, peleka picha za eksirei za zamani kama zipo na karatasi yenye mambo matatu unayotaka mkono ufanye, kwa mpangilio wa umuhimu. Andika pia panapouma, mkono mzima ukiwa wa kwanza. Na upige simu kabla, uulize siku gani wanaona watu wazima, maana kliniki nyingi za tatizo hili zimepangwa kwa ajili ya watoto.