Zayn hakukosea kuondoka One Direction. Kilichomgharimu ni jukwaa

Zayn Malik alijitoa One Direction, kundi la pop la vijana watano wa Uingereza na Ireland, tarehe 25 Machi 2015, ziara ikiwa katikati, naye ana miaka 22. Mpaka leo, ukilitaja jina lake mbele ya vijana wa Mombasa waliokua na nyimbo za kundi lile, ubishi unaanza upya. Wapo wanaoshikilia kwamba alijiharibia: angevumilia miezi tisa zaidi angeondoka pamoja na wenzake kundi lilipokwenda mapumzikoni, na leo angekuwa pale alipo mwenzake Harry Styles. Wengine wanasema alijiokoa. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa naona pande zote mbili zimeliruka jambo moja kubwa.

Sababu ya kuondoka aliieleza mwenyewe katika mahojiano na jarida la The Fader mwaka huohuo. Kila alipojaribu kuimba kwa ladha ya R&B, alisema, alirudishwa kurekodi tena na tena mpaka sauti inyooke na kuwa ya pop ya kawaida. Sauti kama ile kunyooshwa ni hasara. Sikiliza "Flower", kipande kifupi kilichomo katika albamu yake ya kwanza, Mind of Mine. Ni gita na sauti tu, maneno ni ya Kiurdu, naye analivuta neno moja, analipandisha, analizungusha, kisha analiachia taratibu. Baba yake ana asili ya Pakistani, na hapo unasikia kabisa kijana anaimba kwa namna iliyotoka nyumbani kwao. Mombasa hatuhitaji kufafanuliwa uimbaji huo. Mji huu ulimsikiliza Juma Bhalo kwa miongo, mtu aliyechukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili, na masikio yetu yamezoea kungoja sauti imalize safari yake. Katika One Direction, ambako waimbaji watano waligawana mistari ya wimbo wa dakika tatu, safari hiyo ingepitia wapi?

Wanaosema alijiharibia wana matokeo ya kuonyesha, na ni mazito. Mwanzoni Zayn alipaa: "Pillowtalk" iliongoza chati za Uingereza na Marekani mapema 2016, na Mind of Mine, iliyotoka mwaka mmoja kamili baada ya yeye kuondoka, nayo ikaongoza kote kuwili. Kisha ikaja Icarus Falls, Desemba 2018, nyimbo 27 kwa mkupuo, na haikuingia hata katika 50 bora za nchi hizo. Harry, aliyebaki hadi mwisho, alitoa albamu yake ya kwanza 2017, akazunguka dunia akiimba, na mwaka 2023 Harry's House ikatwaa Grammy ya albamu ya mwaka.

Lakini siamini kwamba ile miezi tisa ndiyo iliyowatenganisha. Harry alipotoka alirudi jukwaani, na bendi nyuma yake. Zayn alibaki studio. Juni 2016 alijitoa katika tamasha la Wembley saa chache kabla ya kupanda, akaeleza wazi kwamba wasiwasi ulikuwa umemshinda. Onyesho lake kamili la kwanza akiwa peke yake lilikuja Mei 2024, London, miaka tisa baada ya kuondoka.

Hapa taarabu yetu inasaidia kufikiri. Zein Musical Party na Maulidi Musical Party yalikuwa makundi yaliyobeba majina ya waimbaji, Zein l'Abdin na Maulidi Juma, na Zuhura Swaleh, mwimbaji aliyekuwa na jina lake mwenyewe, alirekodi pamoja na kundi la Maulidi. Kwa hiyo kuimba kwa jina lako hakujawahi kumaanisha kuimba bila wenzako. Tena mtazame mwimbaji harusini: mama anainuka kitini, anakuja anacheza taratibu na noti mkononi, anamtunza, na mwimbaji anaurudia ubeti uleule kwa sababu ameona umemgusa. Pale pale anajua wimbo upi umeingia na upi wa kuacha. Zayn alizikosa ishara hizo kwa miaka, na nadhani zile nyimbo 27 za Icarus Falls ni kazi ya mtu asiyekuwa na hadhira mbele yake ya kumsaidia kuchuja.

Utaniambia wasiwasi ni maradhi, si uamuzi. Ni kweli, na simlaumu hata chembe. Kama kuendelea na ziara zile kungemvunja, basi kuondoka kulikuwa haki yake, chati ziseme zitakavyo. Ninachopinga ni mwimbaji wa hapa kwetu kumtaja Zayn kama kibali cha kulikimbia kundi na kujifungia studio. Zayn aliondoka na mashabiki wa dunia nzima na mapato ya albamu nne. Mwimbaji wa bendi ya hoteli ya Nyali au Diani analipwa kwa onyesho. Akitoka leo bila wapigaji na bila mahali pa kuimba wikendi ijayo, kibao kikali mtandaoni hakitamlipia kodi ya nyumba.

Mwaka 2024 Zayn alitoa Room Under the Stairs, iliyojaa magita na sauti isiyopambwa sana, kisha Novemba akaanza ziara yake ya kwanza, mwezi mmoja tu baada ya kifo cha Liam Payne, mwenzake wa kundi. Jukwaani alimkumbuka, na aliendelea kuimba. Kwangu mimi kazi yake ya kujitegemea inaanza kupimwa kwa haki kuanzia hapo, na albamu ninayoingojea ni ile atakayoirekodi na wapigaji aliosafiri nao.