Ukishabandika Taa Kwenye Droni, Kazi Ndiyo Kwanza Imeanza

Sisi tunaopiga video za harusi huku Marekani tunaombwa kila mara picha za juu za usiku, ukumbi ukiwa umewaka taa. Kisheria inawezekana. Tangu Aprili 2021, rubani mwenye cheti cha droni ndogo cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haombi tena kibali maalumu cha usiku, mradi awe amefaulu mtihani wa sasa au amefanya mafunzo ya marejeo, na droni iwe na taa ya kumetameta inayoonekana umbali wa maili 3, karibu kilomita 5. Kwenye anga inayodhibitiwa, kama ile ya jirani na viwanja vingi vya ndege, ruhusa ya anga bado ni lazima.

Nayaunga mkono mabadiliko hayo. Kinachonitia hofu ni wenzangu wanaodhani taa ndiyo usalama wenyewe. Taa ile ni ya kukufanya uonekane na rubani mwenzako, yule wa helikopta ya wagonjwa anayepita chini kuelekea hospitali. Vitaa vyekundu na kijani vilivyokuja na droni vinakusaidia kujua imeelekea wapi, lakini mara nyingi havifiki maili 3.

Tena mwanga huohuo unaweza kukudanganya. Ikodolee macho nukta moja ya mwanga gizani na baada ya muda utaapa kwamba inasogea, kumbe imetulia. Ukiikimbiza droni kwa kidole kwenye rimoti unaipeleka mtini. Usiikazie macho: tazama pembeni yake kidogo, ilinganishe na paa au mnara. Na punguza mwanga wa skrini mapema, kwa sababu macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na skrini kali huharibu yote mara moja.

Waya za umeme ndizo mbaya kuliko vyote. Nguzo utaibahatisha, waya hutauona, na kamera za kukwepa vizuizi kwenye droni nyingi nazo zinahitaji mwanga ili zione. Kwa hiyo mimi hufika mchana, nazunguka kiwanja kwa miguu, nahesabu nguzo na miti, kisha naweka kimo cha kurudi nyumbani, yaani kimo ambacho droni hupitia ikijirudisha yenyewe ilikorukia, kivuke kile kirefu kuliko vyote. Mteja akinipigia jua limeshazama, eneo silijui, nampigia picha za chini tu, hata akiongeza hela.