Ukitafuta Simba unaletewa Yanga: arifa za bure na kazi ya kuwafuatilia wasambazaji

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiamua kuvifuatilia viwanda vinavyomlisha kwa kutumia Google Alerts, huduma inayokutumia barua pepe kila habari mpya yenye neno ulilolichagua ikitokea mtandaoni, atakwama siku ya kwanza. Akiandika "Simba" akitarajia habari za Tanga Cement, wenye saruji ya Simba, barua pepe itamjaza usajili wa wachezaji na matokeo ya mechi na Yanga. "Twiga", saruji nyingine, itamletea watalii wa Mikumi. "Tembo", saruji ya Mbeya, itamletea makundi yaliyovamia mashamba ya watu. Akijaribu "Dangote" atasoma kuhusu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Nigeria na utajiri wa mwenyewe, huku kiwanda cha Mtwara kikijitokeza kwa nadra. Soko letu la saruji ni mbuga kamili, na mtambo wa kutafuta habari haujui tofauti ya mnyama, klabu na mfuko wa kilo 50.

Huduma yenyewe haina ugumu. Google wanaitoa bure tangu 2003. Unaandika maneno unayotaka, unachagua upate taarifa papo hapo, mara moja kwa siku au mara moja kwa wiki, unachagua lugha na nchi, basi. Kampuni kubwa hulipia huduma nzito zaidi, zenye wachambuzi na takwimu za madeni. Duka la Makambako au famasi ya Kisumu halina mjadala wa kulipia. Kinachobaki ni kuamua kama hii ya bure inastahili kuaminiwa, au inampa mtu utulivu usio na msingi.

Wanaoitetea wana hoja, na hoja yao nzito iko kwenye dawa. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kuondoa sokoni toleo namba 329304 la Benylin ya watoto, dawa ya kikohozi iliyotengenezwa Afrika Kusini, baada ya maabara yake kusema imekuta kiwango kikubwa cha dietilini glikoli, kemikali yenye sumu. Ndani ya siku chache Kenya, Rwanda na Tanzania nazo zilichukua hatua, na Afrika Kusini yenyewe ikafuata. Mfamasia wa Mwanza aliyekuwa ameweka arifa ya neno "Benylin" angeweza kuisoma habari ya Abuja mapema, akaikagua rafu yake, akaitenga chupa yenye namba hiyo kabla waraka rasmi haujamfikia. Kwa dawa wanayokunywa watoto, hata siku moja ina uzito.

Lakini tazama angepaswa kuandika nini. Jina linalojulikana zaidi, Johnson & Johnson, lingemzamisha kwenye kesi za poda ya watoto huko Marekani, ambako maelfu ya watu wameishtaki kampuni hiyo. Tena Benylin wakati huo ilikuwa tayari chini ya Kenvue, iliyojitenga na Johnson & Johnson mwaka 2023. Jina la kampuni lingempoteza. Jina la bidhaa lingemfikisha. Na arifa ile ile iliyomletea shutuma isingempa uzito sawa wa jibu: Kenvue walisema vipimo vyao wenyewe havikuikuta sumu hiyo katika toleo lililolalamikiwa. Kuitoa chupa rafuni lilikuwa jambo sahihi vyovyote iwavyo. Kumvunjia mkataba msambazaji kwa kichwa cha habari kimoja ni jambo jingine.

Dawa hizo hizo zinaonyesha pengo ambalo watetezi hawalisemi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za Maiden Pharmaceuticals ya India, zilizohusishwa na vifo vya watoto takriban 70 nchini Gambia. Baada ya tahadhari hiyo, waandishi walifukua kumbukumbu wakaripoti kwamba kampuni hiyo ilikuwa na rekodi ya dosari za ubora miaka ya nyuma, ndani ya India na hata Vietnam. Arifa inaanza kuhesabu siku unayoiweka. Haigeuki nyuma. Anayeiweka leo kwa msambazaji mpya halafu akatulia, ameruka kazi ya kwanza, ambayo ni kuketi saa moja au mbili na kusoma yaliyokwisha kuandikwa kuhusu huyo mtu.

Upande wa pili una hoja ambayo kwa maoni yangu ni nzito zaidi, na inahusu aina ya wasambazaji tulio nao. Arifa huona walioandikwa. Wengi wanaotulisha hawajaandikwa popote. Mfanyabiashara wa Songea anayechukua vitenge Kariakoo humjua mtu kwa jina la mtaa na namba ya simu. Pengine hamjui hata yeye, anamjua winga wake, yaani dalali anayemletea wateja. Mtu huyo akifilisika, akifungiwa duka au akihamia Guangzhou, hakuna gazeti litakaloandika. Habari yake itapita kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye midomo ya wabeba mizigo, na huko Google haiingii. Wanaoagiza China wana tatizo la ziada: jina la Kiingereza wanaloliona kwenye ankara mara nyingi silo jina la usajili. Jina la kisheria liko kwa herufi za Kichina, na kama kiwanda kimeshtakiwa au kimefungwa, ndilo litakaloandikwa. Arifa ya jina la Kiingereza inaweza kukaa kimya mwaka mzima kwa sababu hakuna anayelitumia jina hilo isipokuwa wewe na muuzaji wako.

Ukimya huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko kelele za Simba na Yanga. Kelele zinaudhi, lakini zinaonekana. Mtu huzipunguza kwa kufunga jina ndani ya alama za kunukuu na kuweka alama ya kutoa mbele ya maneno asiyoyataka, kama "-Yanga". Ukimya haulalamiki. Barua pepe isipokuja, akili inasoma "salama". Watumiaji wamelalamika kwa miaka kwamba huduma hii hata kwa kampuni maarufu huruka habari zilizochapishwa waziwazi, achilia mbali zilizofungwa nyuma ya malipo au zilizo kwenye Facebook. Katika ofisi za manunuzi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mkaguzi akiuliza mnawafuatiliaje wazabuni, kuna kitu cha kumwonyesha: arifa zimewekwa, ona hizi hapa. Wakati huo huo orodha ya kampuni zilizofungiwa kushiriki zabuni iko kwenye tovuti ya PPRA, mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma, ya Tanzania na ya Kenya vilevile, na haihitaji arifa yoyote. Inahitaji mtu aifungue.

Je, tuiache basi? Hapana. Kosa kubwa ni kuielekeza kwa mtu, wakati nguvu yake iko kwa kilichomzunguka mtu huyo.

Chukua mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Malori yakakwama Namanga. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kilichowekwa. Msagishaji wa Thika anayenunua kwa mkusanyaji wa Kibaigwa asingepata lolote kwa kuandika jina la mkusanyaji wake. Angepata kila kitu kwa kuandika "mahindi" na "Namanga" pamoja, na tena kwa Kiingereza, maana barua ya mamlaka na magazeti mengi ya Nairobi hayakuandika kwa Kiswahili. Msambazaji wake hakuwa na kosa, hakuwa na deni, hakuwa amebadilika. Mpaka ndio uliobadilika. Hasara nyingi za ugavi katika ukanda huu huja kwa njia hiyo: zuio, tozo mpya, daraja lililokatika, mgomo. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Juni 2024 wakilalamikia mambo ya kodi, mnunuzi wa mkoani hakuhitaji kujua jina la duka lililofungwa. Alihitaji kujua asipande basi.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza ningemwambia aweke arifa chache: ya bidhaa, ya mpaka au bandari inakopita, ya mamlaka inayoisimamia, na ya jina la kiwanda ikiwa kiwanda ni kikubwa kiasi cha kuandikwa. Zikizidi hapo hazisomwi. Na ziende kwa mtu mmoja anayejulikana, si kwa anwani ya ofisi ambayo kila mmoja anadhani mwenzake anaifungua.

Hata hivyo kuna mambo ambayo hata arifa nzuri hufika yakiwa yamepoa. Novemba 2020 saruji ilipoadimika na bei kupaa hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaingilia kati, habari ziliandikwa pale bei ilipokuwa imeshapanda. Dereva aliyelala kwenye foleni ya kupakia alijua kabla ya mwandishi, na wakala aliyekuwa na mazoea ya kumpigia dereva alijua pamoja naye. Simu hiyo haina mbadala wa bure.

Halafu kuna suala la kuijua habari na kushindwa kuitumia. Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo katika kiwanda cha Philips huko Albuquerque, Marekani, kilichowatengenezea vipuri Nokia na Ericsson. Moto ulizimwa kwa takriban dakika 10. Wateja wote wawili waliambiwa mapema, kwa maneno yale yale, kwamba kucheleweshwa kutakuwa kwa muda mfupi. Nokia walianza kuulizia kila siku na kutafuta vipuri kwingine; Ericsson walisubiri, na baadaye walihesabu hasara ya dola zipatazo milioni 400. Taarifa ilikuwa moja.

Mfano huo hupendwa sana kwenye semina za ugavi, lakini unasahau hali ya mnunuzi wetu. Nokia walikuwa na pesa na wasambazaji wengine wa kuwageukia. Mwenye duka anayechukua saruji kwa mali kauli kutoka kwa wakala mmoja, anayedaiwa naye mzigo wa mwezi uliopita, akipata arifa leo asubuhi kwamba kiwanda kinasimama, hana anapokwenda: wakala wa pili hamjui na hatamkopesha. Kinachomfaa zaidi mtu huyo ni kumlipa wakala wa pili taslimu mifuko michache kila mwezi, hata kwa bei iliyo juu kidogo, ili siku arifa itakapoingia awe na wa kumpigia.