Risala si hotuba, jamani

Msimu wa mahafali umefika na ratiba zimeanza kuzunguka kwenye simu. Moja imeandikwa hivi: "Saa 6:00 Hotuba ya wahitimu. Saa 6:20 Risala ya mgeni rasmi." Jamani! Hapo mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu, na hasara yake inawaangukia wanafunzi.

Risala ni neno la Kiarabu, mzizi wake ni uleule wa rasuli, yaani mtume: kutuma. Wakenya wameihifadhi maana hiyo vizuri wanaposema risala za rambirambi, pale Watanzania tunaposema salamu za rambirambi. Kwenye mahafali wanaotuma ni wahitimu, na anayetumiwa ni mgeni rasmi. Yeye hujibu, na jibu lake ndilo hotuba. Ndiyo maana risala husomwa neno kwa neno, kisha msomaji huenda meza kuu akaikabidhi karatasi yenyewe mkononi mwa mgeni. Karatasi ile ndiyo kumbukumbu ya yaliyoombwa.

Neno likipotea, kazi yake nayo hupotea. Mtoto akiambiwa aandae hotuba, ataandaa hotuba kweli: ataanza na methali, atawausia wadogo zake waache utoro, atawapa wazazi nasaha. Maombi yatakuja mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshachoka na jua. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu shule nyingine hupata mtu wa kumwomba mara moja tu kwa mwaka.

Risala isizidi kurasa mbili za A4. Kwa usomaji wa wazi, wa kupumua, ni maneno mia moja hivi kwa dakika, kwa hiyo maneno 500 ni dakika 5, nazo zinatosha. Kumkaribisha mgeni ni sentensi mbili. "Itifaki imezingatiwa" inatosha, maana mshereheshaji ameshawataja wakubwa wote. Aya moja ya historia: walianza lini, wangapi, wavulana na wasichana wangapi, wanaohitimu wangapi. Mafanikio mawili au matatu. Changamoto tatu, si kumi na tano, na kila changamoto ifuatwe na ombi lake lenye tarakimu. "Tunaomba utusaidie madawati" hujibiwa "nimesikia, nitalifanyia kazi." "Tumepungukiwa madawati 40, na bei ya fundi tumeiambatanisha" humfanya mgeni ataje idadi mbele ya wazazi.

Nakala imfikie mgeni siku 3 au 4 kabla. Hotuba yake huwa imeandikwa ofisini; asipojua habari za madawati, atazungumzia maadili ya vijana kwa nusu saa na kuondoka. Risala pia ilinganishwe mapema na taarifa ya mkuu wa shule, kwa sababu mkuu akitaja wanafunzi 612 na risala ikataja 640, mgeni hataamini hata hesabu ya madawati.

Salamu nazo ni salamu. Mwenyekiti wa kijiji aliyepewa dakika 2 za kusalimia, akianza kueleza kijiji kilivyoanzishwa, ameshahamia kwenye hotuba. Mshereheshaji ataje dakika kabla ya kumkabidhi kipaza sauti, si baada.

Haya, nakiri kwamba kwa maana pana maneno yoyote marefu mbele ya watu yanaweza kuitwa hotuba. Lakini msikitini mbona hatuchanganyi? Hotuba na khutba asili yao ni moja, na bado kila mtu anajua khutba ya Ijumaa ina sehemu mbili, khatibu akikaa kidogo katikati, na kwamba hutangulia swala, ilhali ya Idi huja baada ya swala. Hakuna anayeyaita mawaidha ya jioni khutba. Umakini huohuo tunaweza kuwa nao shuleni.

Mhadhara ni wa kufundisha, ndugu wa hadhira na kuhudhuria. Mihadarati, ingawa masikioni inakaribia mihadhara, ni dawa za kulevya, mzizi mwingine kabisa. Na mtu hulihutubia taifa, hahutubii "kwa taifa". Kiambishi cha kutendea, ile -i- ya hutubia, kimeshaifanya kazi ya "kwa". Ulumbi, ustadi wa kusema kwa ufasaha na mvuto, umebaki kwenye masomo ya fasihi simulizi, huku malumbano mitaani yakiwa ugomvi tu. Neno zuri kama lile!

Kwa anayechapa ratiba wiki hii: taarifa ya mkuu wa shule, risala ya wahitimu dakika 5, kukabidhi risala, salamu dakika 2 kwa kila mmoja, hotuba ya mgeni rasmi, vyeti, kisha neno la shukrani. Atakayeshukuru ataje ahadi za mgeni kwa idadi yake, madawati mangapi na lini, wakati kipaza sauti bado kinawaka.