Ushairi wa Kiingereza haukufufuka mwaka 1350, kwa sababu haukuwa umekufa

Historia nyingi za fasihi ya Kiingereza zina sura moja inayoitwa Ufufuko. Inasimuliwa hivi: Waingereza wa kale walitunga mashairi yasiyo na vina, yakishikiliwa na sauti zinazorudiwa mwanzoni mwa maneno. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wakaivamia nchi, Kifaransa kikakaa barazani, na ushairi ule ukafa. Kisha, karibu na mwaka 1350, washairi wa magharibi na kaskazini mwa Uingereza wakaufufua, na kwa vizazi viwili vitatu wakatunga kazi zinazosomwa hadi leo.

Simulizi hii inavutia, na mimi siikubali. Naamini ushairi huo ulikuwa hai muda wote, na kilichokatika ni kumbukumbu ya maandishi tu. Nitatoa sababu zangu, lakini kwanza tuuone wenyewe ulivyojengwa, maana bila hapo hoja yote inaelea.

Mshororo mmoja una vipande viwili, ambavyo sisi tungeviita ukwapi na utao, na kati yake pana pumziko. Kila kipande kina silabi nzito mbili, zile zinazobeba mkazo. Mizani haihesabiwi kama tunavyohesabu nane kwa nane. Silabi nyepesi zinaongezeka na kupungua, kwa masharti yake. Kinachovifunga vipande viwili ni sauti. Silabi nzito ya kwanza ya utao ndiyo inayotoa amri: sauti yake ya mwanzo lazima isikike katika silabi nzito moja ya ukwapi, au katika zote mbili. Silabi nzito ya nne, ile ya mwisho kabisa, inakatazwa kuwa na sauti hiyo. Irabu zote zinachukuliwa kama sauti moja, kwa hiyo a inaweza kujibiwa na e au o. Lakini neno linaloanza na st halijibiwi na s peke yake, ni st kwa st.

Sikiliza mishororo hii miwili. Inatoka katika shairi la vita vya Maldon, vilivyopiganwa Essex mwezi Agosti 991 dhidi ya Maharamia wa Skandinavia. Jemadari Byrhtnoth ameshauawa, baadhi ya watu wake wamekimbia, na mzee Byrhtwold anawaambia waliobaki:

Hige sceal þe heardra, heorte þe cenre,
mod sceal þe mare, þe ure mægen lytlað.

(Ile herufi þ na ile ð hutamkwa th.) Maana yake: nia na iwe ngumu zaidi, moyo uwe shupavu zaidi, ari izidi, kadiri nguvu zetu zinavyopungua. Katika mshororo wa kwanza kuna h tatu, kisha cenre, isiyo na h. Katika wa pili kuna m tatu, kisha lytlað, isiyo na m. Mimi niliyekuzwa na vina vya kati na vya mwisho nilikuwa nangojea jibu mwishoni mwa mshororo, na hapa mwisho ndipo panapoachwa wazi. Ukisoma kwa sauti unaona kazi ya uwazi huo: mshororo haufungi mlango, unakusukuma uingie unaofuata. Na neno lililoachwa peke yake bila mwenzi ni lytlað, "inapungua". Nguvu zinapungua na sauti nayo inakosa wa kuijibu. Mshairi wa vina angelipa mwangwi neno hilo, na mwangwi huo ungeliharibu.

Sasa tuje kwenye suala la maandishi. Muswada wa shairi hilo la Maldon uliungua moto wa Oktoba 1731 katika Ashburnham House, Westminster, mahali palipohifadhiwa maktaba ya familia ya Cotton. Tunalisoma leo kwa sababu mtu mmoja alikuwa amelinakili miaka michache kabla ya moto. Beowulf, shairi la mishororo 3,182, limetufikia kwa muswada mmoja tu, nao ulikuwa katika jumba hilohilo, kingo zake zikaungua. Ushairi wote wa Kiingereza cha kale uliosalia ni kiasi cha mishororo 30,000, na sehemu kubwa yake imo katika vitabu vinne. Kimoja wapo kiko Vercelli, kaskazini mwa Italia. Sasa niambie, kwa akiba nyembamba namna hiyo, ni nani anaweza kusimama akasema kwamba kati ya 1250 na 1340 watu hawakutunga, eti kwa sababu hatuna karatasi? Baada ya 1066 makasisi na makarani waliandika Kilatini na Kifaransa. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, na hakuna aliyeitoa kwa ajili ya mashairi ya lugha ya wakulima ila mara mojamoja.

Na hizo mara mojamoja zipo. Karibu na mwaka 1200 kasisi aitwaye Layamon, wa kijiji cha Areley kando ya mto Severn, alitunga historia ya wafalme wa Britania yenye mishororo kiasi cha 16,000. Humo mna takriri ya sauti za mwanzo, mna na vina, vimechanganyika. Si mbali na hapo, katika kanisa kuu la Worcester, kulikuwa na mtawa ambaye hatujui jina lake. Wataalamu wanamtambua kwa mwandiko wake, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 13 aliyapitia maandiko ya Kiingereza cha kale akiandika maana za maneno kati ya mistari, mara nyingi kwa Kilatini. Mkono huo unaotetemeka ndio ulionakili shairi fupi linaloomboleza kupotea kwa walimu waliofundisha watu kwa Kiingereza: "Nu is þeo leore forleten, and þet folc is forloren", sasa elimu imeachwa na watu wamepotea. Kurasa zenye shairi hilo baadaye zilikatwa zikatumika kutengenezea jalada la kitabu kingine, na ndivyo zilivyosalimika. Kila nikisoma habari hiyo nasikia uchungu kwa ajili ya vile ambavyo havikupata hata bahati ya kuwa jalada.

Lakini mtawa huyo anatufundisha jambo jingine linaloubana Ufufuko zaidi. Ikiwa mtu aliyeishi na maandiko ya kale, aliyeyapenda, miaka mia moja kabla ya 1350, alilazimika kuyafafanua neno kwa neno, basi washairi wa 1350 wasingeweza kuyasoma kabisa. Lugha ilikuwa imebadilika mno. Walijifunza kwa nani?

Tazama walichokitunga. William Langland alianza shairi lake juu ya Piers mkulima karibu na 1370 akalirudiarudia hadi miaka ya 1380, na zaidi ya miswada 50 yake ipo. Mwaka 1381, wakati wa uasi wa wakulima, jina la Piers limo katika barua za kasisi John Ball za kuwahimiza waasi. Kuna waliosema ushairi huu ulikuwa mradi wa makabaila wa mikoani wakishindana na ikulu. Kwa Langland, aliyeishi London na kusomwa London, dai hilo halisimami. Karibu na mwisho wa karne mshairi asiyejulikana, wa pande za Cheshire na Staffordshire, alitunga hadithi ya Gawain na shujaa wa kijani, beti 101. Huu ndio mshororo wake wa kwanza:

Sithen the sege and the assaut watz sesed at Troye

Tangu kuzingirwa na kushambuliwa kwa Troya kulipokoma. Sege, assaut, sesed, halafu Troye. S tatu na moja iliyoachwa wazi, kama Maldon, miaka 400 baadaye.

Hata hivyo s si kitu, s yeyote anaweza kuiiga. Shika utao: watz sesed at Troye. Kabla ya kila silabi nzito ya utao pana nafasi ya silabi nyepesi. Katika miaka ya 1980 watafiti wawili, Hoyt Duggan na Thomas Cable, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba moja kati ya nafasi hizo mbili, na moja tu, ni lazima iwe ndefu, yaani iwe na silabi nyepesi mbili au zaidi. Hesabu: watz, silabi moja, kisha uzito wa se-. Halafu -sed at, silabi mbili, kisha uzito wa Troye. Fupi, kisha ndefu. Sheria imetimia. Inatimia hivyo katika maelfu ya mishororo, kwa washairi waliokuwa mbali na wenzao, na hakuna hata mmoja wao aliyeiandika mahali. Hakuna kitabu cha arudhi, yaani kanuni za utunzi, ya aina hii cha zama hizo kwa Kiingereza. Wasomi wa vyuo vikuu waliupapasa ushairi huu zaidi ya miaka mia bila kuiona.

Huwezi kufufua sheria ambayo hakuna anayejua kuwa ipo. Sheria ya namna hiyo inarithiwa kwa sikio, kwa kukaa na wanaotunga hadi utao mbaya ukukere kabla hujajua kwa nini.

Kwa ushahidi kwamba jambo hili linawezekana, hatuna haja ya kwenda mbali. Majirani zetu Wasomali, wa Somalia na wa kaskazini-mashariki mwa Kenya, wana ushairi unaoshikwa na sauti ya mwanzo wa maneno. Katika gabay, mojawapo ya aina za mashairi yao, kila kipande cha mshororo lazima kiwe na neno linaloanza na sauti iliyochaguliwa, na sauti hiyohiyo huenda tangu mwanzo hadi mwisho wa shairi, hata likiwa na mishororo mia. Irabu zote, kwao pia, ni sauti moja. Kisomali kilipata hati rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo mashairi yalikaa vifuani mwa watu. Na kanuni za mizani yake zilianza kuelezwa kwa maandishi miaka ya 1970, pale mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipochapisha makala zake mwaka 1976. Vizazi kwa vizazi vilitunga bila kukosea, kwa kanuni ngumu ambayo hakuna aliyekuwa ameiandika. Anayeona ajabu kwamba Waingereza wasioandika waliweza kubeba arudhi miaka mia moja, amsikilize mtunzi wa gabay.

Wanaotetea Ufufuko wana hoja moja nzito na naipa heshima yake: arudhi ya Gawain si ile ya Beowulf. Kweli. Mishororo imerefuka, silabi nyepesi zimeongezeka, ukwapi umejaa maneno. Lakini Kiingereza nacho kilikuwa kimepoteza viambishi vyake vingi na kuongeza vijineno visivyo na mkazo. Ushairi unaosemwa kila siku hubadilika pamoja na kinywa kinachousema. Kama ungekuwa umechimbuliwa kaburini ungetoka na sura ya kale. Huu ulitoka na sura ya watu wa zama zake.

Na mshairi wa Gawain mwenyewe ametuambia. Anaahidi kusimulia hadithi kama alivyoisikia mjini, "with tonge", kwa ulimi. Anaongeza kwamba imefungwa kwa herufi aminifu, "with lel letteres loken, in londe so hatz ben longe", kama ilivyokuwa nchini tangu zamani. Wapo wanaosema hiyo ni mapambo ya watunzi. Mimi namchukua kwa neno lake.

Kifo kilikuja, lakini baadaye, na taratibu. Chaucer, mshairi wa London wa zama za Langland, alimpa kasisi, mmoja wa wahusika wa hadithi zake, maneno yanayonukuliwa sana, kwamba yeye ni mtu wa kusini na hajui kutunga "rum, ram, ruf" kwa herufi, yaani kwa kurudia sauti za mwanzo. Watu hukatiza hapo wakasema ni dharau. Kasisi huyo anaendelea palepale kusema kwamba hata vina anaviona bora kidogo tu. Bado karne nzima ilikuwa mbele. Karibu na mwaka 1500 William Dunbar wa Uskoti alitunga shairi refu la wanawake wawili walioolewa na mjane mmoja, bila vina. Baada ya vita vya Flodden vya mwaka 1513 mtu mwingine alivisimulia kwa mtindo uleule. Hao ndio karibu wa mwisho.

Mwaka 1550 Robert Crowley alichapisha shairi la Langland mjini London, akaona analazimika kuwaeleza wasomaji limetungwaje. Akawaambia mishororo haifanani mwishoni. Asili yake ni kuwa na maneno yasiyopungua matatu yanayoanza na herufi moja. Basi. Hakutaja silabi nzito, hakutaja mwisho ulioachwa wazi, wala nafasi fupi na ndefu za utao. Crowley alikuwa msomi, alikuwa na miswada mkononi, na lugha ya Langland aliielewa, na bado alichoweza kukiona kwenye ukurasa ni herufi tatu tu. Ukitunga kwa maelezo yake utakosea kila baada ya mishororo michache. Washairi wa 1350, ambao kale yao ilikuwa imefungwa katika lugha wasiyoisoma, hawakukosea. Walikuwa wameisikia kwa waliowatangulia, nao kwa wao.