Epi Moja Tu Nalala

Jamani, mwenye namba ya yule aliyebuni zile sekunde tano anipe, nina neno naye. Unazijua? Epi, yaani sehemu moja ya tamthilia, imekwisha, majina ya waigizaji yanapanda, wewe umeshapiga miayo na kujinyoosha, mkono unapapasa chini ya mito ya kochi kutafuta rimoti. Kumbe pale chini kulia, pembeni ya kioo, kuna kiduara kinajijaza taratibu. Tano, nne, tatu... Rimoti hujaipata. Epi inayofuata imeshaanza, mtu ameshapigwa risasi, sasa utakwendaje kulala ukaacha maiti sebuleni? Unamwachia nani?

Hapo ni saa saba usiku, na saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe kituoni Mbagala nagombania daladala.

Mwaka 2017 mkubwa wa Netflix, wale wanaotuletea tamthilia kwa intaneti, Reed Hastings, alisema hadharani kwamba mshindani wao ni usingizi. Wala hakuona haya! Mie miaka yote nadhani hawa watu wanashindana na vituo vya televisheni, kumbe wenzetu wanapambana na godoro. Na godoro la watu litashinda lini, wakati halina sizoni ya pili?

Sisi wa zamani hatukulelewa hivi. Huku Bara televisheni tumeipata mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, na Mzanzibari yeyote atakukumbusha hilo bila kuombwa. Mtaani kwetu seti ilikuwa moja. Unavua ndala mlangoni, unakaa sakafuni, unakunja magoti. Mtoto wa mwenye nyumba anakaa kwenye kochi, anatuangalia sisi badala ya kuangalia televisheni, anahakikisha tunajua kwao ni wapi. Ukikohoa vibaya unatolewa nje. Ukitolewa unahamia dirishani, na dirishani nako kuna foleni.

Sasa tamthilia imenoga, dada wa watu kaletewa bahasha ya majibu ya hospitali. Anaifungua. Anaisoma. Macho yanamtoka, muziki unapiga twaaa, halafu: itaendelea wiki ijayo. Wiki ijayo! Ile bahasha tulikaa nayo wiki nzima. Bombani inajadiliwa, saluni inajadiliwa, konda anadai nauli huku anatetea kwamba mtoto ni wa dereva. Shangazi yangu alinuniana na jirani yake kwa sababu ya bahasha ile, wakati hakuna aliyejua kilichoandikwa ndani. Nakwambia bajeti ya serikali haijawahi kujadiliwa namna ile.

Leo bahasha inafunguliwa, kiduara kinajaa, sekunde tano tu unajua mtoto ni wa nani. Utamu uko wapi hapo?

Mchezo wenyewe ulichangamka mwaka 2013, Netflix walipoachia epi 13 za tamthilia moja kwa mpigo, siku moja. Wengine nao wakaiga. Tangu hapo nyumba za watu hazina amani. Chukua ya kwangu: binti yangu wa kidato cha pili yuko epi ya tisa, mama watoto yuko ya nne, kijana ameshavuka sizoni ya tatu, mie niko ya pili kwa sababu bando lilikata pale jambazi anavua kinyago. Nilikiona kidevu tu. Sasa tukikaa mezani nani atasema nini? Ukianza "lakini yule kaka", unapigiwa kelele pande zote, "Baba, usiseme! Usiseme!" Ukiuliza wewe, wanatazamana na kucheka, tayari umeshajua kuna mtu anakufa. Tumeacha kuzungumza kabisa. Watu wanne, tamthilia moja, na mezani tunajadili chumvi ya dagaa.

Halafu wameua wimbo. Zamani wimbo wa mwanzo ulikuwa na kazi. Ukisikika tu, mama anatoka jikoni na mwiko mkononi, watoto wanatoka uani mbio, mgonjwa anapata nafuu. Tuliuimba wote, Kispania hatukijui, maneno tumejitungia, lakini sauti ya pili tunaipiga vilevile. Siku hizi kuna kitufe cha kuruka wimbo. Binti yangu anakibonyeza kabla hata mwimbaji hajavuta pumzi. Na hata kuongea kwa watu amekuongeza mwendo, waigizaji wanagombana kama wapiga mnada. Nikamwuliza, mwanangu, unawahi wapi? Akasema anawahi sizoni inayofuata.

Matangazo nayo tuliyatukana sana, kumbe ndiyo yaliyotuwezesha kwenda msalani kwa pamoja. Tangazo la sabuni likiingia, nyumba nzima inainuka. Likiisha, kila mtu yuko mahali pake. Sasa unasimamisha picha wakati wowote. Mmoja anasimamisha aende chooni. Akirudi, mwingine anasimamisha apokee simu ya kaka yake aliyeko Tunduma, na simu ya Tunduma haina ufupi. Epi ya dakika arobaini inatuchukua mpaka watu wanasinzia, na yule mwigizaji muda wote amegandishwa mdomo wazi, jicho moja limefumba. Ukimtazama vile nusu saa, humuamini tena hata akilia.

Na hapo umeshachagua cha kuangalia. Kuchagua kwenyewe! Zamani ukiwasha saa mbili usiku ni taarifa ya habari, upende usipende. Sasa kuna picha elfu zimepangwa, unashuka nazo, unapanda nazo, chai inapoa, kila kilichomo kinaonekana kizuri mpaka ukibonyeze.

Ndiyo maana vijana wengine wa mtaani wanaona heri kwenda kwa fundi wa kujaza flashi. Buku moja anakumiminia sizoni nzima, iliyotafsiriwa, na mtafsiri anakupigia soga humohumo, anamtukana adui, anamshauri steringi aangalie nyuma. Tatizo lake moja: epi ya mwisho haifunguki. Kwa nini siku zote ni ya mwisho? Ya tatu ingekataa ningesamehe.

Haya, ukimaliza yote, umebaki na nini? Juzi kazini wameniuliza ile tamthilia niliyokesha nayo Jumamosi inahusu nini. Nikafikiri. Nikasema, "Kuna mtu ana ndevu." Wakacheka, lakini wazungu wamelipima hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, mwaka 2017 waliandika kwamba walioangalia tamthilia yote kwa mkupuo waliikumbuka vizuri sana kesho yake, ila baadaye kumbukumbu zikaporomoka kwa kasi kuliko za waliosubiri wiki kwa wiki. Hata raha hawakuipata kama wenzao. Nikalisoma hilo kwa sauti sebuleni. Hakuna aliyeinua uso kutoka kwenye simu yake.

Basi nikatoa amri. Mie ndiye baba wa nyumba hii. Kuanzia sasa kila Alhamisi saa tatu usiku, epi moja, wote sebuleni, wimbo hauruki mtu, na picha haisimamishwi hata nyumba ikiungua. Ajabu, wakakubali bila ubishi. Mpaka mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Korogwe, akasogeza kiti chake mbele, kanga amejifunga vizuri, kashata mkononi.

Tukaangalia. Jambazi akafika kwenye kinyago. Moyo unanidunda, nimekamata mkono wa kochi. Anakivua pole pole. Loo! Kumbe ni kaka wa bibi harusi! Nikaruka, nikapiga kelele, nikageuka nione wenzangu wamepigwa na butwaa kiasi gani.

Binti anatazama kucha. Kijana anajikuna. Mama watoto anajaribu kushika kinywa, lakini nimekaa naye miaka mingi, kile kilikuwa kinywa cha kuigiza. Ameshaiona. Wote wameshaiona. Nikamgeukia mama mkwe, tumaini langu pekee, mtu wa shamba, hana hata simu ya kugusa.

Akamalizia kashata yake, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga. "Baba, huyo mbona atakufa kwenye ile ya sita," akasema. "Wajukuu zangu walinionyesha Jumapili. Weka ya saba, ndiyo nilipoishia."