Waliozaliwa wafu nao waandikwe kwenye ukoo

Siku hizi Dar es Salaam kila ukoo una kundi lake la WhatsApp, na kila kundi lina kijana anayechora mti wa ukoo. Nimeiona michoro mingi ya aina hiyo. Karibu yote imewaacha watoto waliozaliwa wafu, kana kwamba hawakubebwa miezi minane au tisa. Mimi nasema waandikwe, na tuwaulizie sasa, bibi zetu wangali hai, maana makaratasi yatatusaidia kidogo sana.

Wenzetu wa England na Wales wana daftari maalumu la watoto hawa tangu Julai 1, 1927, na Scotland tangu 1939. Hata huko daftari hilo halifunguliwi kwa kila mtafiti, limelindwa kwa ajili ya wazazi. Kwetu, Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ya 1920 iliwabana zaidi Wazungu na Waasia. Waafrika wengi wa Kariakoo na Ilala hawakusajiliwa hata waliozaliwa wazima, sembuse hawa. Vitabu vya ubatizo navyo vina waliobatizwa tu. Leo hospitalini kuna kitabu cha leba cha MTUHA, yaani mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya, kinachoandika aliyezaliwa mfu na kama alifia tumboni mapema au wakati wa uchungu. Lakini hicho kinaandikwa kwa jina la mama, ni siri ya mgonjwa, na mjukuu hana ruhusa ya kukipekua.

Karatasi ninayoithamini zaidi iko nyumbani: kadi ya kliniki ya mjamzito. Inaonyesha mimba ni ya ngapi, mama amezaa mara ngapi na watoto walio hai ni wangapi. Ya marehemu shangazi yangu tuliikuta sandukuni pamoja na hati ya kiwanja: mimba ya tano, walio hai watatu. Sisi tulimjua kwa watoto wanne, na huyo wa nne ndiye aliyekuwa tumboni siku kadi ilipoandikwa. Basi mimba moja hatukuwahi kuisikia.

Majina nayo husema. Ukikuta Kulwa na hakuna anayemtaja pacha wake Doto, uliza. Ukikuta Shija katika familia ya Kisukuma ambayo haina mapacha, uliza vilevile, kwa sababu Shija ni jina la anayewafuata mapacha.

Halafu kuna jambo ambalo watafiti wengi wanalipita. Kumbukumbu ya mtoto huyu imegawanywa. Wanawake ndio waliokuwa chumbani. Wanajua alikuwa wa kike au wa kiume, alifanana na nani, mkunga alisema nini. Kaburi wanalijua wanaume, hasa katika familia zetu za Kiislamu ambako wanawake hawaendi kuzika: baba na mjomba mmoja au wawili walimpeleka Kisutu au Kinondoni, wakarudi kimya. Kaburi la kichanga mara nyingi halina kibao. Ukimhoji bibi peke yake utapata uzazi bila kaburi. Ukimhoji mjomba peke yake utapata kaburi asilokumbuka la mwaka gani. Mwaka mtafutie kwa matukio: ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera au baada? Mvua za El Niño zilikuwa zimeshanyesha?

Na usimuulize bibi, “Una watoto wangapi?” Atakutajia walio hai. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, “Bibi, umejaliwa uzazi mara ngapi?” Kisha nyamaza, umwache ahesabu.

Kwa vizazi vijavyo nataka zaidi ya hapo. Mama anayejifungua mtoto mfu atoke wodini na karatasi yake mwenyewe, yenye tarehe, jinsia na jina akitaka kumpa. England, tangu Februari 2024, inawapa cheti hata wazazi waliopoteza mimba kabla ya wiki 24, kwa hiari yao. Hapa wodi tayari inaandika tarehe na jinsia. Kinachokosekana ni kumkabidhi mwenye mtoto nakala.

Kwenye mti wetu naandika hivi: mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa mfu, amezikwa Kinondoni. Namweka kwenye mstari uleule wa ndugu zake, si pembeni. Ila kabla ya kutuma kwenye kundi namwonyesha mama yake kwanza, na akisema hapana, situmi.